Aliyepiga Picha

Picha ni moja tu. Ndiyo niliyowapa polisi,
ndiyo iliyotoka kituoni ikavuka Manyoni, ikavuka Singida,
ikaingia kwenye simu za watu wasiojua
Mpunguzi ni kijiji au ni ugonjwa.
Yaredi amesimama kando ya mzani wa ushirika,
nyuma yake kreti za zabibu, nyeusi, za Machi,
na mbwa wetu Tindo miguuni, kakaza macho kwa mpiga picha.

Wanaichambua kama mchele wa harusi.
Wameikuza hadi shavu lake limekuwa matofali.
Mmoja wa Mwanza kapima kivuli cha nguzo kwa rula,
akasema ilikuwa saa tisa na robo.
(Saa tisa na nusu. Ulikaribia, kaka.)
Mwingine kaiona saa mkono wa kulia:
basi ni mashoto,
basi si yeye aliyefunga lile fundo
la katani, pale korongoni, baiskeli ilipokutwa
imefungwa kwenye mgunga kama mbuzi.

Hakuna aliyeniuliza.
Mkono wa kushoto uliungua mwaka tulipochemsha zabibu
kwenye sufuria ya kuazima, ya msibani.
Kamba ya saa ikigusa kovu, hulalamika kama mtoto.

Wapo wa hesabu. Mpunguzi hadi korongoni,
baiskeli ya gia moja, upepo wa Julai usoni: dakika arobaini.
Wameweka na upepo!
Nilicheka peke yangu, mwiko mkononi, uwele ukitokota.
Ndugu zake wa tumbo moja hawakuweka upepo.

Na wapo wa majibu.
Ana mke Kibaigwa. Kaokoka, yuko mlimani anafunga.
Kauzwa. Alikuwa anadaiwa.
Kudaiwa ni kweli: laki nne na sitini,
nailipa mimi, elfu kumi kumi, kila mnada.

Kisha akaja mama mmoja wa Babati, muuguzi mstaafu,
hana haraka, anaandika na nukta zake zote:
*Mwacheni yeye. Mtazameni mbwa.
Mkia uko juu. Meno hayaonekani.
Huyo anayetazamwa na mbwa, ni wa nyumbani.
Ni nani aliyepiga picha?*

Siku tatu nikawa mimi.
Wakalipata jina langu, Damari Chidumizi,
wakaipata kwaya yangu, sauti ya pili, mstari wa nyuma,
wakauliza mbona kwenye ibada ya kumwombea sikulia.
Kisimani, ndoo yangu ikitua, maneno yanakatika.
Afande akarudi, mpole, kavua kofia:
Mama Nyemo, ulisimama wapi?
Nikamwonyesha. Hapa, penye mawe haya.
Akasimama hapo yeye mwenyewe muda mrefu,
akiutazama mzani mtupu.

Siwachukii. Mwezi wa tano huu,
na jina lake mezani kwangu linatajwa na Nyemo tu, akisali,
wao bado wanabishana juu ya kifungo cha shati lake.
Usiku mwingine nakaa nao, bila kusema kitu,
kama mtu aliyepita matanga ya ugenini akapewa kigoda.

Jana Nyemo alipolala niliivuta picha kwa vidole viwili
kama wanavyofanya. Nikapita uso, wameshauchakaza.
Nikapita saa. Nikapita mbwa.
Nikashuka kwenye vumbi, chini ya kreti,
ambako hajafika wa Mwanza wala wa Babati.

Kwenye mzani Yaredi huvaa katambuga, miaka yote.
Humo kavaa viatu vya Pasaka, vile vya kamba,
na kamba kafunga mara mbili.

Ilikuwa Machi. Aliondoka Julai.

Sijawaambia.
Tindo alikuwa ananitazama mimi.
Mimi nilikuwa nasema, Yaredi, inua kichwa,
hebu cheka kidogo.